Kufanya Kazi Mwanza Ukiwa Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa waliokuja Mwanza kwa mkataba wa kazi kutoka Kisumu, Kampala, Bujumbura, Goma na kwingineko, wenye Kiswahili lakini wasio na mwenyeji. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukurejesha kwenye jingine. Bei hazikuandikwa, maana nauli na viingilio hubadilika. Palipo na kiasi cha pesa ni kiasi kilichowekwa na sheria.

## Wiki za mwanzo

1. Mwajiri amesema "kibali kimetoka". Nianze kazi?

Muulize ni kibali kipi, kwa sababu viko viwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi; kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Vyote viwili vina madaraja ya herufi, likiwemo Daraja B, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mtu anaona "B" kwenye karatasi moja, anadhani amemaliza.

Kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kunakurahisishia kuingia nchini. Hakukupi ruhusa ya kuajiriwa. Pasi ya matembezi iliyogongwa mpakani Sirari au Mutukula ni ya matembezi tu. Jina la mwajiri na cheo vilivyo kwenye kibali cha kazi viwe vilevile vilivyo kwenye mkataba wako. Ukihama kampuni, kibali hakihami nawe.

Toa nakala tatu za pasipoti na vibali. Moja iache ofisini, moja nyumbani, moja itembee nawe kila unapotoka nje ya jiji.

2. Laini ya simu na pesa nifanyeje?

Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni huanza na pasipoti. Sajili kwenye duka la kampuni yenyewe, usisajili kwa kijana wa mwavuli barabarani. Jina likikosewa herufi moja, utaligundua siku unataka kuunganisha laini na benki. Ukishapata kibali cha ukaazi, ulizia kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa: kipo cha mgeni mkaazi.

Mjini karibu kila duka lina lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu. Kabla ya kubonyeza namba ya siri soma jina linalotokea, kisha mtajie muuzaji. Tarakimu moja ikikosewa, pesa imekwenda kwa mtu mwingine, na kuirudisha kunategemea kama bado hajaitoa.

Tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwenye nyumba akikutajia dola, una haki ya kumwomba aseme shilingi.

3. Kiswahili ninacho. Kwa nini watu wananitazama vibaya dukani?

Mara nyingi ni kwa sababu hukusalimia, au umesema "nipe" na "nataka". Mwanza unasema "naomba sukari nusu kilo", hata kama pesa iko mkononi. Aliyekuzidi umri sana ni "shikamoo", na ukipewa shikamoo jibu "marahaba" bila kucheka.

Mkenya awe mwangalifu na maneno mawili. Ukisema "bibi yangu yuko Kisumu", hapa wataelewa mama wa mzazi wako na watakupa pole za uzee wake. Mke ni mke. Na nyanya ni ya kwenye kachumbari.

Kisukuma kidogo kinafungua milango. Asubuhi sema "mwangaluka", mchana "mwadila", na kushukuru ni "wabeja". Mama wa sokoni atakuongezea fungu, au atakujibu Kisukuma kirefu usichokielewa. Vyote viwili ni dalili njema.

## Nyumba

4. Nikae mtaa gani?

Anza na barabara utakayopita kila siku, kisha ndiyo utazame nyumba. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, kwa hiyo barabara kuu ni chache na njia za mkato karibu hakuna. Kazi ikiwa upande wa uwanja wa ndege, tafuta Pasiansi, Kitangiri, Kirumba au Ilemela. Ikiwa upande wa kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi au Mkolani. Kwenye barabara ya Musoma kuna Mabatini, Nyakato, Buzuruga na Igoma. Kukaa Igoma na kufanya kazi Nyegezi ni kujitafutia foleni mara mbili kwa siku.

Nyumba za mlimani zina upepo na mandhari ya ziwa, na kodi yake mara nyingi ni nafuu. Kabla hujaipenda, uliza mambo matatu: maji ya bomba hufika huko siku zipi, bodaboda hukubali kupanda mpaka wapi, na mvua ikinyesha maji hupita wapi. Kapandie mwenyewe saa moja jioni ukiwa umebeba ndoo ya lita 10. Ukifika juu huwezi kusalimia mtu, tafuta ya bondeni.

5. Kodi na dalali vinakwendaje?

Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Miezi mitatu hupatikana ukibembeleza na ukiwa na barua ya mwajiri. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Usimpe hata senti kabla hujakutana na mwenye nyumba mwenyewe, si "shemeji yake aliyeachiwa funguo". Nyumba moja huweza kuwa na madalali wanne, kila mmoja akidai ndiye aliyekuleta, kwa hiyo tembea na mmoja tu kwa mtaa.

Lipa kwa benki au simu ili ushahidi ubaki. Mkataba upitie ofisi ya serikali ya mtaa, na siku hiyohiyo ujitambulishe kwa mwenyekiti au mjumbe. Barua yake ya utambulisho utaihitaji benki na kwingineko. Kisha badilisha kitasa. Wapangaji waliotangulia wana funguo.

6. LUKU ni nini, na kwa nini pesa ileile inaleta uniti tofauti?

Ni umeme wa kulipia kabla. Unalipa kwa simu kwa namba ya mita yenye tarakimu 11, unapokea tokeni ya tarakimu 20, unaiingiza kwenye mita. Ukihamia, piga picha namba ya mita na ununue umeme kidogo kwanza kuhakikisha unaingia kwenye nyumba yako. Vyumba vinavyotumia mita moja ndiyo chanzo kikuu cha ugomvi wa wapangaji. Heri ulipe zaidi kidogo upate mita yako.

Uniti hupungua kwa sababu mbili. Kodi ya jengo hukatwa humohumo kila mwezi. Deni hilo ni la mwenye nyumba, basi mkubaliane mapema atakurudishiaje. Pili, bei ya uniti kwa mtumiaji mdogo ni nafuu hadi kikomo fulani kwa mwezi. Ukikivuka unapanda daraja.

Anayetoka Burundi au Kongo aje na adapta: soketi za hapa ni za pini tatu bapa, kama za Kenya na Uganda.

## Kutembea mjini

7. Daladala zinapandwaje?

Njia ya gari imeandikwa ubavuni na mbele. Sikiliza konda anataja mwisho wa safari, maana gari la njia moja hugeuza njiani abiria wakipungua. Kushuka, sema "shusha" mapema. "Shukisha" ya Nairobi wataielewa, ila gari zima litajua ulikotoka. Kuwa na noti ndogo. Noti ya 10,000 asubuhi humfanya konda akuambie "subiri chenji" mpaka ukasahau.

Bodaboda: patana kabla hujapanda, dai kofia, na usipande watatu. Bajaji ni bora ukiwa na mzigo au mvua. Kwenda miji jirani kuna mabasi, na kuna magari madogo yanayoitwa michomoko, ambayo ni ya haraka na hujaza watu kupita viti.

Kwa safari ndefu kumbuka stendi ni mbili. Nyegezi iko upande wa kusini, Nyamhongolo iko barabara ya Musoma. Tiketi ikiandikwa "Mwanza" tu, uliza ni stendi ipi.

8. Nimetoka Goma. Kuna la kuangalia barabarani?

Ndiyo, na ni la uhai. Tanzania magari hupita kushoto. Unapovuka, gari la kwanza linatoka kulia kwako, kinyume cha Kongo, Rwanda na Burundi. Saa za hapa pia ziko mbele kwa saa moja, na basi halikusubiri.

## Sokoni na jikoni

9. Samaki ninunue wapi, na nitajuaje kama ni wa leo?

Mwaloni (mahali mitumbwi ya samaki inaposhushia) wa Kirumba ndio soko kubwa, hasa la dagaa na samaki wakavu. Kwa sato na sangara wabichi, nenda mwaloni wowote alfajiri, saa kumi na mbili hadi mbili hivi, mitumbwi inapoingia.

Funua mashavu: matamvua yawe mekundu ya kung'aa, si kahawia. Macho yawe yamejaa. Bonyeza nyama kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mwache. Samaki aliyemwagiwa maji kila dakika tano anang'aa nje tu, hivyo usihukumu kwa ngozi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 ni kosa kumvua, na anayekuuzia "mtoto mtamu" kwa kificho anajua hilo.

Beba kikapu au ndoo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

10. Dagaa wangu wana mchanga kila nikipika. Nakosea wapi?

Umekosea wakati wa kununua. Kuna dagaa wanaoanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni, na kuna wa chanja, wanaoanikwa juu ya wavu. Wa chanja ni ghali zaidi, wana rangi ya fedha, na hawana mchanga. Chukua kiganja kimoja, sugua juu ya karatasi nyeupe, kisha utazame kilichobaki.

Ukishanunua wa mchangani, usiwachemshe na mchanga wao. Wakate vichwa na utumbo, waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha uwatoe kwa mkono kuwahamishia bakuli jingine. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga umelala chini na ukimimina unaurudisha. Rudia mara tatu. Wakaange bila mafuta mpaka wakauke, ndipo uweke mafuta, kitunguu na nyanya.

11. Kwa nini bei ya dagaa hupanda na kushuka kila mwezi?

Mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwakusanya, wavu huwafunika. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haina nguvu, wavuvi hupumzika siku kadhaa na soko hukauka. Nunua wa akiba siku za giza. Masika nayo huharibu, kwa sababu dagaa wasiopata jua hunuka na kuishia kwenye chakula cha kuku.

12. Michembe na matobolwa ni nini?

Vyote ni viazi vitamu vya kuhifadhi. Michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Matobolwa na karanga kwa chai ya saa nne ofisini ni chakula kamili, na hakiozi mezani.

## Afya

13. Naweza kuogelea ziwani?

Wenyeji wataogelea mbele yako, na maji yatakuvutia. Lakini ziwa lina kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono wanaoishi maji ya kina kifupi yenye magugu, huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache, na huna utakachohisi zaidi ya mwasho mdogo, pengine hata huo usiupate. Hatari kubwa iko palepale watu wanapofulia na watoto wanapocheza: ukingoni, maji yaliyotulia, jua la mchana.

Kukanyaga maji ili upande mtumbwi kunatosha kuambukiza. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa saa 48 bila konokono hayana tena vimelea hivyo hai vya kupenya ngozi. Ya kunywa bado yachemshwe.

Ukiwa umeingia majini, weka alama kwenye kalenda. Pima baada ya wiki sita hadi nane. Kupima kesho yake hakuoneshi kitu, na dawa ya prazikwanteli ikinywewa mapema mno haiui minyoo ambayo haijakomaa. Hilo ndilo kosa la kawaida: mtu anameza dawa Jumatatu baada ya ufukwe wa Jumapili, anajiona amepona, mwaka unapita anaharisha damu. Unayetaka kuogelea kila wiki, tafuta hoteli yenye bwawa.

14. Malaria je?

Ipo mwaka mzima. Lala ndani ya neti, hata kama umezoea Nairobi au Bukavu kusikokuwa na mbu wengi. Homa yoyote, pima kabla ya kumeza dawa. Kipimo cha haraka ni tone la damu na robo saa. Ukikutwa nayo, dozi ya dawa mseto ya ALU kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza baada ya chakula chenye mafuta, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri. Wengi huacha siku ya pili homa ikishuka, na inarudi. Mjamzito na mtoto wafuate maelekezo ya hospitali, si ya ukurasa huu.

15. Moshi mweusi umesimama juu ya ziwa. Kuna moto?

Hapana. Ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni, wanaotoka majini kwa mkupuo, mara nyingi siku za mwezi mwandamo. Hawaumi. Funga madirisha, zima taa za nje, funika chakula. Asubuhi ufagio.

## Wikiendi

16. Nina nusu siku tu. Niende wapi?

Kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, yenye kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na boti kutoka Capri Point hufika kwa dakika kama kumi. Jina ni la mzee mvuvi aliyekiishi kisiwa hicho. Utaona swala pala, pimbi, na mijusi ya kichwa chekundu ikijianika juu ya mawe. Vaa viatu vya kushika, maana njia ya juu ya miamba huteleza. Nenda asubuhi, alasiri upepo huamka na boti hurudi ikiwalowesha watu.

Bila bajeti, panda kivuko cha Kamanga mpaka ng'ambo na urudi nacho. Ni nusu saa hivi kwenda, na jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, utalitazama kutoka majini. Mitumba? Soko la Mlango Mmoja, mapema, ukiwa umeficha simu. Mpira? Tazama ratiba ya uwanja wa CCM Kirumba.

17. Bujora kuna nini?

Makumbusho ya Wasukuma, Kisesa, chini ya kilomita 20 kwenye barabara ya Musoma. Panda daladala mpaka Kisesa, kisha bodaboda. Yalianzishwa na padre David Clement kutoka Kanada. Omba mwongozaji, bila maelezo ngoma za watemi (machifu) zitakuwa magogo tu machoni pako.

Siku bora ni Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi. Hapo Bagika na Bagalu hushindana, makundi ya ngoma yanayofuata waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Wachezaji wa pande zote huanza pamoja, kila kundi na uwanja wake, na lenye umati mkubwa ndilo limeshinda. Ndiyo maana utaona nyoka shingoni mwa mchezaji: kila mbinu ya kuvuta macho inaruhusiwa. Usisimame katikati, utahesabiwa.

18. Ukerewe yawezekana kwa siku mbili?

Inawezekana ukipanga kurudi kabla ya kupanga kwenda. Meli na vivuko vya Nansio, mji mkuu wa kisiwa cha Ukerewe, huondoka Bandari ya Kaskazini, safari ni saa tatu au zaidi kidogo. Siku moja kabla, nenda bandarini uulize ratiba ya Jumapili kutoka Nansio, maana chombo kikiingia matengenezo ratiba hubadilika bila kukupigia simu. Beba kitambulisho na hakikisha jina lako limeandikwa vizuri kwenye orodha ya abiria.

Usilichukulie hilo kama urasimu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza 21 Mei 1996, na makaburi ya wengi yako Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza kupita uwezo wake wa abiria 101, na kujua nani alikuwemo kulichukua siku. Ukiona chombo kimejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, shuka. Tiketi imepotea, basi.

Jumamosi kodi baiskeli au bodaboda Nansio. Ukara, penye jiwe linalocheza, ni kivuko kingine kutoka Bugorola, na kwenda na kurudi hula siku nzima. Ukikosa chombo Jumapili, njia ya nchi kavu ni Rugezi, kivuko mpaka Kisorya, kisha Bunda na barabara ya Musoma. Mwajiri aambiwe Jumapili usiku, si Jumatatu.

19. Serengeti kwa siku moja?

Lango la Ndabaka liko kilomita 140 na ushee, barabara ya lami. Ondoka saa kumi alfajiri ukalikute linafunguka saa kumi na mbili. Viingilio vina madaraja matatu: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi, na mgeni wa nje. Mkenya asiye na uthibitisho wa uraia mkononi hulipishwa kama mtalii wa mbali, na maneno hayasaidii. Malipo si taslimu. Unapewa namba ya malipo.

Upande huo udongo ni mweusi wa mbuga. Ukilowa, gari dogo hukwama hadi sakafu. Misafara ya nyumbu hupita huko takribani Mei hadi Julai, mvua zinapoisha, na hapo ndipo pa kulenga. Njiani, vijijini mwendo ni 50. Faini hulipwa kwa namba ya malipo, haipokelewi mkononi.

20. Na upande wa Geita?

Umekuwa karibu. Daraja la Kigongo–Busisi, la takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kungoja kivuko kwa masaa kumekwisha, na Sengerema ni matembezi ya asubuhi. Bukoba ukitaka kwa maji, meli hulala safarini usiku. Vaa sweta, ziwa ni baridi.

## Hali za pekee

21. Jioni ninakuwa huru. Naweza kufungua kibanda cha uwakala wa pesa?

Usifungue. Amri ya Julai 2025 inawakataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, uongozaji wa watalii, udalali na kununua mazao shambani. Faini haipungui shilingi milioni 10, kuna kifungo, na ukaazi hufutwa. Kutumia jina la rafiki Mtanzania hakuokoi: naye ana adhabu yake. Tena kibali chako kinataja kazi moja (swali la 1).

22. Nataka kupeleka sato nyumbani mwisho wa mwezi.

Watoe utumbo na magamba, wakaushe maji, wagandishe saa 24 kamili. Funga kila mmoja kwenye gazeti, panga kwenye boksi la povu jeupe bila nafasi, ziba kwa gundi ya karatasi pande zote. Mabasi na ndege hukataa kifurushi kinachovuja, na kinachovuja ni kile cha barafu ya vipande: usiitumie. Kwa safari inayozidi siku, wakaange wakauke au nunua wa kubanika. Mzigo wa biashara kuvuka mpaka unahitaji kibali cha Idara ya Uvuvi. Usisubiri kuambiwa hivyo ukiwa Sirari, na samaki wanayeyuka.